Vitabu Viwili vya Nyangumi

Kurui ni kata ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani, lakini ukiwa Kurui bahari huioni. Utaona mikorosho, utaona muhogo, na upande wa mashariki una wilaya nzima ya Mkuranga ya kuvuka kabla hujakanyaga mchanga. Zamani haikuwa hivyo. Mkuranga ilipokuwa bado haijamegwa, Kisarawe ilikuwa na pwani yake, na Kisiju, wanakopanda mashua watu wa kwenda Mafia, ilihesabiwa kuwa Kisarawe. Kwa hiyo nyangumi wanaopita huko nje kila mwaka walikuwa wakipita mbele ya wilaya hii, na historia yao ni yetu pia, hata kama sehemu kubwa yake iliandikwa na watu wa mbali.

Wanaozungumziwa hapa ni nyangumi nundu. Aliyekomaa hufikia mita 13 au zaidi na uzito wa tani kama 30. Miezi ya kiangazi cha kusini hukaa katika bahari ya Antaktika akila wanyama wadogo mfano wa uduvi. Baridi ikibisha hodi huko, hupanda kaskazini. Wapo wanaofuata pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji, na baadhi yao husonga mpaka Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba na Watamu. Kwetu huonekana zaidi kati ya Julai na Oktoba. Huja kupandana na kuzaa katika maji ya vuguvugu. Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita nne na ushei, na mama humnyonyesha maziwa mazito huku mwenyewe akiwa karibu hali kitu kwa miezi mingi, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea kusini. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi imewapanga nyangumi nundu wa ukanda huu katika mafungu, na wale wa pwani ya bara, kutoka Msumbiji kuja huku, wamepewa alama ya C1.

Tazama miezi hiyo vizuri. Ni miezi ya kusi. Bahari ya nje huchafuka, mawimbi hukatika vichwa vyeupe, na mwenye ngalawa huona afadhali avue ndani ya mwamba. Kaskazi ikija na vyombo vidogo vikatoka tena kwa wingi, nyangumi wameshageuza kurudi walikotoka. Ndiyo maana mvuvi anaweza kuvua maisha yake yote na akamwona nyangumi mara chache tu, ilhali wanyama hao hawakukosa kupita hata mwaka mmoja.

Watu wa pwani walimjua nyangumi kwanza kwa alichokiacha ufukweni. Ambari, ile dutu ya kijivu yenye kunukia iliyouzwa kwa wafanya manukato wa Uarabuni na Uajemi, hutoka katika utumbo wa nyangumi mwingine, yule wa meno mwenye kichwa kikubwa kama theluthi ya mwili. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyeondoka Qanbalu kwa mara ya mwisho yapata mwaka 916, aliisifu ambari ya nchi ya Zenji kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Alieleza pia jinsi mabaharia walivyoliogopa samaki hilo kubwa hata wakawa wanapiga kelele usiku na mchana kulifukuza lisikaribie chombo. Wengi wanakubali kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba. Kwa hiyo tuna habari za nyangumi wa pwani hii kwa zaidi ya miaka 1,000, ila hakuna aliyewahesabu. Ambari haikudai hesabu. Iliokotwa tu.

Waliohesabu kwanza ni wauaji.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters wa Salem, akafika Unguja. Vitabu vyetu vya historia vinakumbuka merikani, kile kitambaa cha pamba kilichosambaa hadi bara. Havikumbuki sana kwamba bandarini palitia nanga pia meli za kuvua nyangumi kutoka New England, zikitafuta maji, vyakula na mabaharia. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya meli ya namna hiyo, J. Ross Browne, alichoka na maisha ya humo akashuka Unguja. Mwaka 1846 akachapisha kitabu kuhusu mateso ya mabaharia hao, na habari za Unguja akazitia humo.

Meli hizo zilikuwa na kitabu cha safari, na ndani yake mna jambo ambalo mtu akiliona mara moja halisahau. Pembeni mwa maandishi ya siku, mwandishi wa kitabu aligonga muhuri wa mbao wenye umbo la nyangumi. Nyangumi mzima maana yake ameuawa, na mara nyingi katikati ya umbo hilo paliachwa nafasi nyeupe ya kuandika mapipa ya mafuta aliyotoa. Mkia peke yake, ukielekea juu, maana yake amejeruhiwa au ameonekana lakini ameponyoka. Ukifunua kurasa unaweza kuhesabu mwaka mzima wa mauaji bila kusoma hata neno moja. Na hesabu hiyo iliaminika, kwa sababu mabaharia hawakulipwa mshahara. Kila mtu alipata fungu la mafuta, kwa hiyo kila jicho ndani ya meli lilikuwa likikagua kitabu. Mwaka 1935 mtaalamu wa wanyama wa New York, Charles Haskins Townsend, alikusanya vitabu hivyo vya Wamarekani, akachora ramani za bahari zenye nukta kwa kila mahali nyangumi alipouawa. Nukta zilizidi 50,000. Mpaka leo watafiti huzitumia ramani hizo kujua nyangumi walipokuwa wakikaa kabla hawajamalizwa.

Walioanza kuwamaliza nyangumi nundu wa upande wetu walikuja na moshi. Mnorwe Svend Foyn alikwisha kutengeneza bunduki ya chusa yenye baruti, na mwaka 1908 Wanorwe wakafungua kituo cha kuvua nyangumi Durban. Vingine vikafuata pwani ya Msumbiji. Nyangumi nundu ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote: mwendo wake wa taratibu, hupita karibu na nchi kavu, na njia yake ni ileile kila mwaka. Hazikupita hata mvua kumi, Durban wakaanza kuwatafuta kwa shida. Hapo hakuna fumbo. Mnyama anayezaa ndama mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu hawezi kushindana na meli ya mvuke. Kufikia mwaka 1925 zikaja meli zenye mteremko nyuma wa kumburuta nyangumi mzima hadi sitahani, na kazi ikahamia Antaktika kwenyewe, mbali na macho ya serikali yoyote. Katika karne ya 20 nyangumi nundu zaidi ya 200,000 waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia.

Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1946, na mwaka 1963 ikapiga marufuku kuwaua nyangumi nundu wa kusini. Karatasi ilikuwa nzuri. Kila nchi ilitakiwa kupeleka hesabu yake, na hesabu hizo ndizo zilizotumika kukadiria wangapi wamebaki. Tatizo ni kwamba Muungano wa Kisovieti ulikuwa na vitabu viwili.

Kimoja kilikwenda kwenye Tume. Humo, kuanzia mwaka 1947 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wasovieti walitaja nyangumi nundu wa kusini wasiofika 3,000. Cha pili kilibaki kwao kwa siri, na humo walikuwa zaidi ya 48,000. Katika misimu miwili tu, ya 1959/60 na 1960/61, meli zao ziliua karibu nyangumi nundu 25,000 kusini mwa Australia na New Zealand. Huko Tangalooma, Australia, kituo cha nchi kavu kilichokuwa kikifuata mgawo wake halali kilishangaa kuona nyangumi wanapungua ghafla, na mwaka 1962 kikafunga kazi kikiwa kimeua 6,277 kwa miaka kumi. Wataalamu waliumiza vichwa. Hesabu zilizokuwa mezani hazikuweza kueleza nyangumi wamekwenda wapi, kwa kuwa waliozipeleka ndio waliojua.

Wala hawakuishia Antaktika. Novemba 1966 meli za Kisovieti zilizokuwa njiani kwenda kusini zilipita Bahari ya Uarabu. Hesabu ya siri inaonyesha kwamba huko waliwaua nyangumi nundu 242, wengi wao katika mwezi huohuo mmoja, mbele ya pwani za Omani, Pakistani na India. Wenye ndugu Maskati wajue kwamba nyangumi wa huko si hawa wetu. Hao wa Omani hawasafiri, huishi bahari hiyohiyo mwaka mzima, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha wametengana na wenzao kwa makumi ya maelfu ya miaka. Watafiti walipowakadiria kwa picha za mikia mwaka 2004 walipata kama 82. Ukiweka 242 waliouawa kando ya 82 waliobaki, huhitaji mtaalamu wa kukufafanulia.

Uongo huo ulikoma mwaka 1972, meli zilipoanza kuwekewa wakaguzi wa kigeni. Kujulikana kwake kulichukua miaka mingine 20. Aleksei Yablokov, aliyekuwa mshauri wa mazingira wa Rais Yeltsin, ndiye aliyeusema hadharani mwaka 1993. Ushahidi ulitoka kwa wanabiolojia waliokuwa ndani ya meli zenyewe na kuandika kila nyangumi aliyepandishwa, wakijua fika kwamba idadi zao zitapotoshwa. Mmoja wao, Dmitri Tormosov, alinusuru maelfu ya karatasi za vipimo vya nyangumi kwa kuzificha ndani ya ghala la viazi nyumbani kwake. Mtu anaweza kuwalaumu kwa kunyamaza miaka yote ile. Mimi sioni haki ya kuwalaumu sana. Bila karatasi zile, hata leo tungekuwa tunapima kupona kwa nyangumi kwa kutumia kitabu cha uongo.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa kilimani na darubini zao.

Nyangumi wanapohama karibu na nchi kavu, wanapita kama foleni. Ukikaa mahali palipoinuka, ukachora kwa mawazo mstari kutoka miguuni pako hadi upeo wa macho, unaweza kumwandika kila anayeukata. Wamarekani walifanya hivyo California kwa nyangumi wa kijivu tangu miaka ya 1960, na mwaka 1984 wananchi wa kawaida wa Los Angeles, wastaafu na walimu, wakawa wanakaa Point Vicente msimu mzima kwa zamu. Hawaii walianza mwaka 1996, Cape Solander nje ya Sydney mwaka 1997. Kwa upande wetu kituo muhimu ni Cape Vidal, kaskazini ya Durban, ambako Ken Findlay na Peter Best waliweka watazamaji juu ya vilima vya mchanga kati ya mwaka 1988 na 1991, na tena mwaka 2002. Nyangumi walioandikwa pale ni wa fungu la C1, lile linalotufikia sisi.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha, na ni vizuri kuijua kabla mtu hajaisifu. Mtazamaji hamwoni nyangumi, humwona pumzi yake: wingu la mvuke la mita tatu hivi linalosimama sekunde chache na kupeperushwa na upepo. Anaandika saa na dakika, upande nyangumi anakoelekea, umbali, wako wangapi, yupo ndama au hayupo. Kisha kila baada ya muda anaandika hali ya bahari, nguvu ya upepo, ukungu, na jua linamng'aria machoni upande gani. Safu hizo za mwisho ndizo mgeni huona hazina maana, na ndizo zinazobeba hesabu yote. Saa moja ya bahari tulivu isiyo na nyangumi ni habari, lakini saa moja ya mawimbi meupe isiyo na nyangumi si habari ya kitu. Ili kujua wangapi wamepita bila kuonekana, huwekwa makundi mawili mahali tofauti, marufuku kusemezana. Kundi la kwanza likiona kumi na la pili likiona wanane miongoni mwa haohao kumi, mtu wa hisabati anaanza kupata picha ya wasioonwa na yeyote. Usiku hukadiriwa kwa mchana, na huko California wametumia kamera za kuona joto kuhakikisha kwamba nyangumi hawalali njiani.

Matokeo ya Cape Vidal yalionyesha ongezeko la kati ya asilimia 9 na 12 kwa mwaka. Kwa mnyama mkubwa hivyo, hiyo ni karibu na kikomo cha uwezo wake wa kuzaa. Uchunguzi wa meli katika maji ya Msumbiji mwaka 2003 ulikadiria kiasi cha 6,000.

Kwa Afrika Mashariki, kuhesabu kwa kujitolea kulishika mizizi kwanza Watamu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza za namna hiyo Kenya, lakini zililindwa kwa ajili ya matumbawe na samaki wake. Nyangumi walipita nje na watu wa mashua waliishia kusimuliana. Mwaka 2011 chama cha wadau wa bahari cha Watamu na washirika wake, pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya, wakaanzisha mtandao wa mamalia wa baharini wa Kenya. Manahodha wa mashua za kuvulia kwa mshipi, wapiga mbizi, wavuvi na wenye hoteli wakaanza kupeleka taarifa: tarehe, mahali, idadi, mwelekeo, na picha ikipatikana. Picha inayotakiwa zaidi ni ya chini ya mkia, kwa kuwa weusi na weupe wa pale haufanani kwa nyangumi wawili. Wakenya, ambao hawakosi jina la kuvutia watalii, wakaanza kuzungumzia misafara miwili ya Julai, wa nyumbu Maasai Mara na wa nyangumi baharini.

Kasoro ya njia hii inajulikana. Penye macho mengi huonekana nyangumi wengi. Ramani ya taarifa za kujitolea hugeuka kwa urahisi ikawa ramani ya hoteli. Dawa yake ni ileile ya Cape Vidal: andika pia saa ulizotazama ukaambulia patupu. Manahodha wengi hawapendi kuandika patupu, na mimi naamini huo ndio mtihani wa kweli wa mhesabuji, kwa sababu mtu hupata sifa kwa alichokiona tu.

Hata hivyo taarifa za Watamu zilisaidia kusoma jambo jingine. Mwaka 2012 na 2013 Salvatore Cerchio na wenzake waliwafunga nyangumi nundu wa Madagaska vifaa vya setilaiti. Walitegemea wangezunguka Madagaska. Baadhi walivuka wakaja pwani ya Afrika Mashariki, wakapita Kenya hadi Somalia. Mipaka ya mafungu iliyochorwa mezani haikuwahusu.

Tanzania ilijiunga na Tume ya Nyangumi mwaka 2008, na kazi nyingi ya kisayansi imefanyika Zanzibar. Omar Amir wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na Narriman Jiddawi na Per Berggren, waliwauliza wavuvi wa jarife wamenasa nini na lini, kijiji kwa kijiji. Kizimkazi pomboo walikuwa wakiwindwa kuwa chambo cha papa, uwindaji ukakoma mwaka 1996 baada ya watalii kuanza kulipa ili kuwatazama, na wakapigwa picha na kuhesabiwa mmoja mmoja kwa mapezi. Umuhimu wa hesabu kama hiyo ulionekana Aprili 2006, pomboo kiasi cha 400 walipokutwa wamekufa ufukweni Nungwi. Idadi hiyo ni msiba kwa namna yoyote, lakini uzito wake unategemea waliobaki hai ni wangapi. Mwaka 2015 Gill Braulik aliongoza safari ya kuichunguza pwani ya Tanzania kwa mashua, wakitazama juu na kusikiliza kwa vinasa sauti vya chini ya maji.

Kwenye Mkoa wa Pwani wenyewe, mafunzo ya kuhesabu yapo tayari vijijini. Shirika la Sea Sense lilianzia Mafia mwaka 2001 kama mradi wa kasa na nguva, na mpaka leo linategemea wanavijiji wanaotembea ufukweni alfajiri kuandika viota vya kasa. Kilindoni kuna papa potwe, ambaye ni samaki hasa ingawa ukubwa wake unawafanya wageni wamwite nyangumi. Zaidi ya 100 wametambuliwa kwa madoa ya ubavuni, na wavuvi ndio wanaojua wanapojitokeza. Anayeweza kufuata nyayo za kasa saa kumi na moja alfajiri na kuandika bila kuongeza chumvi, huyo anaweza kuhesabu pumzi za nyangumi.

Kinachokosekana ni macho ya Julai hadi Oktoba. Macho hayo yapo, ila hayaandiki: abiria wa Kisiju na wa kivuko cha Nyamisati kwenda Kilindoni, mabaharia wa majahazi ya Kilwa, walinzi wa minara ya taa. Msomaji ambaye atakuwa njiani msimu ujao, au mwenye mjomba nahodha, afanye hivi. Aandike tarehe, saa, mahali, hali ya bahari, nyangumi wangapi, walikoelekea, na kama mama ana ndama. Chombo kisiwasogelee, hasa penye ndama. Aandike pia muda aliotazama, hata kama hakuona kitu. Kisha taarifa hiyo ampe ofisa uvuvi wa eneo lake, kikundi cha kijiji cha usimamizi wa fukwe (BMU), au watu wa Sea Sense. Na kama nyangumi hakuna, aandike sifuri.